Panga linapokwenda mrama: hesabu yangu ya mtambo wa upepo unaoelea

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu na najua baadhi yenu mlidhani nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni kwamba kwa miezi kadhaa, kila nikitoka kazini, nimekuwa nikishughulika na jambo ambalo halihusiani hata kidogo na kazi inayonilipia nyumba. Mchana naandika programu za malipo kwa simu. Usiku nimekuwa nikihesabu uchovu wa mapanga ya mitambo ya upepo inayoelea baharini. Leo nataka kuwaeleza nilivyoingia huko, nilichojifunza, na kosa moja nililolifanya ambalo lilitaka kumharibia rafiki yangu masomo.

Yote yalianza kwa ujumbe mmoja. Kuna jamaa tuliyekaa naye mlango kwa mlango katika bweni la chuo, mimi nikisomea sayansi ya kompyuta, yeye uhandisi wa mitambo. Mpaka leo tunaitana Jirani, ingawa yeye yuko Uskoti akisomea shahada ya uzamili na mimi niko Nairobi. Akaniandikia: "Jirani, wewe si ni mtu wa kompyuta? Nina faili mia kadhaa za matokeo na Excel imenishinda. Nisaidie." Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la wikendi moja tu. Wale mnaoandika programu mnajua neno "wikendi moja" humaanisha nini.

Kwanza, mtambo wenyewe. Mimi nimekulia upande wa Ngong, kwa hivyo mitambo ya upepo si kitu kigeni kwangu. Ile ya Ngong ni ya kilowati 850 kila mmoja na panga lake lina urefu wa mita 25 hivi. Aina hiyo hiyo ndiyo iliyosimamishwa kule Turkana, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Yote imesimama juu ya zege lililozikwa ardhini. Baharini pia, maji yakiwa ya kina kifupi, unaweza kupigilia nguzo kwenye sakafu ya bahari. Lakini kina kikishapita mita 50 au 60, nguzo hiyo inakuwa ghali kupita kiasi. Na upepo mwingi mzuri uko huko kwenye maji marefu. Basi watu wakasema, mbona tusiuache mtambo uelee?

Mwaka 2009 kampuni ya Statoil ya Norwei, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, ilielesha mtambo wa kwanza mkubwa wa aina hiyo karibu na kisiwa cha Karmøy. Ulikuwa wa megawati 2.3 na uliitwa Hywind. Mwaka 2017 ikafuata Hywind Scotland, shamba la kwanza la mitambo inayoelea duniani, lililo mbele ya mji wa Peterhead. Mitambo 5 ya megawati 6, kipenyo cha duara linalochorwa na mapanga ni mita 154. Siku hizi iko mingine: mitatu ya megawati 8.4 huko Ureno, na 11 ya Hywind Tampen inayosaidia kuendesha visima vya mafuta vya Norwei.

Unaeleaje bila kupinduka? Mtu wa pwani atalielewa hili upesi kuliko mimi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga chini kabisa, ili lisilale upande. Hywind ni silinda ndefu ya chuma iliyosimama wima ndani ya maji, chini yake imejazwa farumi, kisha ikafungwa kwa minyororo mitatu inayokwenda kwenye nanga. Uzito uko chini sana, kwa hivyo ukiuinamisha unarudi wenyewe. Lakini unarudi polepole. Na huo upolepole ndio ulionitoa jasho.

Sasa tuje kwenye panga. Ukilitazama kwa mbali unaweza kudhani ni kipande kimoja cha plastiki. Sivyo. Ni ganda la nyuzi za kioo zilizolowekwa kwenye gundi, lenye nusu mbili zilizobandikwa pamoja, kama boti ya faiba. Ndani yake kuna mikanda miwili minene ya nyuzi inayokwenda kutoka shinani hadi karibu na ncha, na kati ya mikanda hiyo kuna kuta nyembamba zinazoizuia isikaribiane. Hiyo mikanda ndiyo uti wa mgongo. Mapanga marefu zaidi hutiwa nyuzi za kaboni kwenye mikanda, kwa sababu kaboni ni ngumu na nyepesi, ila bei yake si ya mchezo.

Panga hili linapata mizigo ya namna mbili. Chukua panga la kufyekea nyasi, lina bapa na lina makali. Upepo unalisukuma panga la mtambo kwenye bapa, nalo linapinda kuelekea nyuma, kwenye mnara. Likipinda sana, ncha itaugonga mnara. Ndiyo maana mhimili wa mtambo huinuliwa kidogo kwa mbele. Katika mtambo wa mfano wa megawati 5 uliochapishwa mwaka 2009 na maabara ya Marekani iliyojulikana kama NREL, mhimili umeinuliwa digrii 5, na mapanga yenyewe yamesogezwa mbele digrii 2.5.

Mzigo wa pili ni wa upande wa makali, na huo unaletwa na uzito wa panga lenyewe. Panga la mtambo huo wa mfano lina urefu wa mita 61.5 na uzito wa tani zaidi ya 17. Likiwa limelala upande wa kulia linavutwa chini na kupindia makali ya mbele. Nusu mzunguko baadaye liko kushoto, na sasa linapindia upande wa pili. Mtambo unazunguka mara 12 kwa dakika. Piga hesabu: ukizunguka bila kusimama, kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 6. Kwa miaka 20 ni zaidi ya mara milioni 120. Chukua waya, uupinde huku na huku mara 30 uone utakavyokatika. Wahandisi huuita huo uchovu.

Nilipoelewa hayo, nikataka kuona mwenyewe badala ya kusomea faili za mtu. Kuna programu huria iitwayo OpenFAST, na kwa bahati nzuri ule mtambo wa mfano umeshawekewa silinda ya kuelea inayofanana na Hywind, iliyozama mita 120. Programu imeandikwa kwa Fortran. Ndiyo, Fortran, lugha iliyozaliwa kabla ya wazazi wangu kuoana! Nikaisakinisha kwenye tarakilishi yangu, nikachukua faili za mtambo wa nchi kavu, nikazipachika kwenye silinda, nikaweka upepo wa mita 18 kwa sekunde, nikaiendesha.

Mtambo ukaanza kuyumba. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila mara ukizidi kidogo. Kwa Kiswahili tunasema mambo yamekwenda mrama bila kukumbuka kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo majini. Siku hiyo nilikumbuka. Nikajua nimekosea mahali. Nikapekua faili usiku wa kwanza, usiku wa pili, usiku wa tatu. Nikabadilisha minyororo. Nikapunguza hatua za muda. Wapi! Mwisho nikampigia Jirani.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kidhibiti umekitoa wapi?"

"Ni kile kile cha mtambo wa nchi kavu."

"Basi hujakosea faili, Jirani. Umegundua tatizo ambalo watu waliandikia tasnifu."

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Mtambo huu wa megawati 5 hufikia nguvu yake kamili upepo ukiwa mita 11.4 kwa sekunde. Hapo ndipo upepo unapousukuma kwa nguvu kubwa kuliko wakati wowote, kama uzito wa tani 80. Upepo ukizidi, kidhibiti huyageuza mapanga kwenye shina lake ili sehemu ya upepo ipite bila kushikwa. Kwa hivyo upepo ukiongezeka, msukumo unapungua. Watu wengi hili huwashangaza, hata mimi lilinishangaza.

Sasa weka mtambo huo juu ya maji. Ukiinamia mbele, kuelekea upepo unakotoka, mapanga yanauona upepo umeongezeka. Kidhibiti kinafanya kazi yake: kinayageuza mapanga, msukumo unapungua. Lakini huo msukumo ndio uliopaswa kuurudisha mtambo nyuma! Ukirudi nyuma, mapanga yanauona upepo umepungua, kidhibiti kinayageuza yashike zaidi, msukumo unaongezeka na kuuzidisha kwenda nyuma. Ni kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea, kila bembea ikifika anaongezea. Kidhibiti hakina hitilafu yoyote. Kinafanya sawasawa kile kilichoandikiwa, mahali ambapo hakikuandikiwa.

Kwa nini nchi kavu haitokei? Kwa sababu mnara uliozikwa ardhini hutetemeka haraka, mara moja kwa kila sekunde tatu hivi, na kidhibiti hakiwahi kuufuata. Silinda inayoelea huchukua kama sekunde 30 kwenda na kurudi. Urefu huo ulichaguliwa makusudi ili mawimbi, ambayo mengi huja kila baada ya sekunde 5 hadi 15, yasiukute mwendo wake. Wakaukimbia mwendo wa mawimbi, wakaangukia kwenye mwendo wa kidhibiti. Dawa iliyotumika kwenye mfano huo ni kukifanya kidhibiti kiwe mvivu. Kasi yake ya kujibu ilishushwa kutoka radiani 0.6 kwa sekunde hadi 0.2, ikawa chini kidogo ya ile ya silinda yenyewe. Gharama yake ni kwamba kasi ya mapanga na umeme unaotoka hupandashuka zaidi. Nikabadilisha namba hizo, nikaendesha tena, mtambo ukatulia. Usiku ule nililala vizuri.

Hata ukitulia, bado unayumba kiasi, na panga ndilo linalolipa. Tuseme mtambo unainama digrii 3 kila upande kuanzia usawa wa maji. Kitovu cha mapanga kiko mita 90 juu, kwa hivyo kinasogea karibu mita 5 mbele na mita 5 nyuma. Kwa mzunguko wa sekunde 30, kasi yake inafika kama mita 1 kwa sekunde. Maana yake, panga linauona upepo ukiongezeka na kupungua kwa mita 1 kila upande hata kama upepo wenyewe umetulia. Hiyo ni nyongeza ya kupinda kwa bapa ambayo panga la Ngong halijui.

Haya, sasa kosa langu.

Kazi ya Jirani ilikuwa kulinganisha mapanga mawili: moja la kawaida na moja alilolipunguza unene wa mikanda ili liwe jepesi. Panga jepesi ni jambo kubwa. Kila tani unayoitoa juu inapunguza farumi na chuma huko chini. Alitaka kujua kama jepesi litamaliza miaka 25. Yeye alikuwa ameshaendesha uigaji, saa nzima kwa kila hali ya upepo na mawimbi, mamia ya faili. Mimi niliombwa nihesabu uchovu.

Njia ya kuhesabu ni ya zamani. Mwaka 1968 Wajapani wawili, Matsuishi na Endo, walichapisha namna ya kuzihesabu panda shuka za mzigo usio na mpangilio, wakifananisha na maji ya mvua yanavyotiririka kwenye mapaa ya hekalu. Unapata orodha ya mizunguko, mikubwa na midogo. Kisha kila mzunguko unaugeuza kuwa kipande cha uharibifu, unajumlisha. Jumla ikifika 1, panga limekwisha.

Ujanja uko kwenye kugeuza. Chuma kilichochomelewa hutumia kipeo cha 3 au 4. Nyuzi za kioo hutumia 10. Yaani mzigo ukirudufika, uharibifu wa chuma unakuwa mara 8 kwa kipeo cha 3. Wa nyuzi za kioo unakuwa mara 1,024. Hata ukikosea mzigo kwa asilimia 10 tu, uharibifu wa panga unakosewa mara 2.6. Kwa lugha ya kwetu, mizunguko midogo ni sarafu na mikubwa ni noti. Kwenye panga, karibu deni lote liko kwenye noti chache.

Mimi nilifanya nini? Ili kumbukumbu ya tarakilishi isijae, niliikata kila faili ya saa moja vipande vya dakika kumi kumi. Halafu kwenye njia ya matone ya mvua, mwisho wa kila kipande hubaki nusu mizunguko ambayo haijapata mwenzake wa kuifunga. Nikaona ni takataka, nikaitupa. Lo! Yale masalia ndiyo yenye mpando mkubwa kuliko yote, kutoka kilele cha juu kabisa hadi bonde la chini kabisa. Nilikuwa natupa noti na kuhifadhi sarafu, mara sita kwa kila faili.

Na programu ilipita majaribio! Niliijaribu kwa wimbi laini la kupanda na kushuka sawasawa, ambapo masalia si kitu kati ya mizunguko elfu, jibu likawa sahihi. Jirani naye akaijaribu kwenye shina la mnara, akalinganisha na matokeo yaliyochapishwa, yakakaribiana. Mnara ni chuma, kipeo kidogo, kwa hivyo kosa lilijificha. Tukaiamini. Tukaipeleka kwenye panga.

Jibu likaja kwamba panga jepesi litatumia 0.4 ya uhai wake kwa miaka 25. Jirani alifurahi sana. Akaandika sura nzima, akampelekea msimamizi wake, wakapanga kukutana Jumatatu.

Jumapili jioni nilikuwa naisafisha programu niiweke wazi mtandaoni, kwa kujionyesha tu, nisiwadanganye. Nikawa naandika maelezo kando ya kila fungu. Nilipofika kwenye fungu la masalia nikaandika, "Hapa tunatupa nusu mizunguko kwa sababu..." Nikakwama. Sababu sikuwa nayo. Nikaondoa kile kijisu cha dakika kumi, nikayahesabu masalia, nikaendesha upya kwa faili zote. Nilienda kupika chai. Niliporudi, namba ya kupinda kwa bapa ilikuwa 1.3.

Nilikaa na ile namba kama nusu saa. Nitasema ukweli: wazo la kunyamaza lilinipitia. Ni tasnifu, si mtambo halisi, hakuna panga litakalovunjika kesho. Nani angejua? Lakini sura ile ilikuwa na jina lake, si langu, na siku moja mtu angeirudia hesabu. Na mtu huyo huenda akawa anachora panga la kweli.

Kwake ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Nikapiga.

"Jirani, umekaa?"

"Nimelala. Kuna nini?"

"Namba ya panga si 0.4. Ni 1.3. Kosa ni langu."

Kimya. Nikasikia kitanda kikilia, akakaa. Nilidhani atanitukana. Akauliza tu, "Nionyeshe umejuaje." Tulikaa kwenye simu hadi usiku wa manane, mstari kwa mstari. Upande wa makali namba haikubadilika sana, kwa sababu uzito hupindisha sawasawa kila mzunguko. Bapa ndilo lililobadilika. Asubuhi alikwenda kwa msimamizi wake na karatasi moja, akaiomba sura yake arudishiwe.

Ilimgharimu wiki tano na safari ya kuja nyumbani aliyokuwa ameshaipanga. Hakunilaumu, ila kwa muda ujumbe wake ulikuwa mfupi mfupi, na nilijua kwa nini. Mwishowe aliirudishia mikanda sehemu ya unene karibu na shina, mahali panapopinda zaidi, akaacha ncha ikiwa nyembamba. Panga likapita, ingawa wepesi wake sasa ni nusu ya ule aliouota. Sura mpya ina fungu linaloeleza kosa lilivyojificha kwenye mnara. Msimamizi alisema hilo ndilo fungu alilolipenda zaidi. Wiki iliyopita Jirani aliniandikia ujumbe mrefu tena, na mwisho wake akaniuliza kama nina wikendi moja.

Sisi tunaoandika programu za simu tumezoea jambo moja: likiharibika, tutalirekebisha kesho na watu watapakua upya. Mwaka 2024 ile mitambo mitano ya Hywind Scotland ilihitaji matengenezo makubwa. Ilibidi ifunguliwe kwenye nanga na kukokotwa hadi bandari ya Norwei, ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, ikakaa huko miezi kadhaa. Huko hakuna kupakua upya.

Kwa hivyo siku hizi, kabla ya kutupa chochote ndani ya programu, hata kama ni mstari mmoja, naandika kwanza kando yake ni kwa nini nakitupa. Nikikosa sababu, sikitupi. Na najaribu programu kwa data inayofanana na kazi yenyewe, si kwa wimbi laini la darasani.

Haya, kwa leo yanatosha. Ukiwa na swali kuhusu kidhibiti au njia ya matone ya mvua, uliza, nitajibu ninachokijua na kilichobaki nitamsukumia Jirani. Tukutane tena panapo majaliwa.